SOMO LETU: KISIWA HADI KISIWA KATIKA BAHARI YA KARIBI

  Mwenye miwani avae miwani yake. Asiye na miwani asogee penye mwanga. Somo la leo ni refu kidogo, lakini maneno magumu si mengi. Likikuchosha, soma nusu leo na nusu kesho. Hakuna anayekukimbiza.

Somo hili limetokana na swali. Siku moja nilikuwa katika darasa la kijiji kimoja cha pwani. Tulikuwa tunasoma habari za watalii. Mama mmoja anayeuza samaki wa kukaanga akanyoosha mkono. Akasema: "Mwalimu, wazee walituambia, mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini mgeni wa siku hizi anakuja asubuhi, anapiga picha, jioni kaondoka. Hata ile siku ya tatu ya kumpa jembe hafiki. Sasa mimi mwenyeji ninapona kwa kitu gani?"

Darasa zima likacheka. Na mimi nikacheka. Lakini jibu sikuwa nalo. Nikamwambia, "Mama, nipe muda nikalitafute."

Leo nimerudi na jibu. Nimelitafuta mbali, kwa watu ambao wanaishi na wageni wa siku moja miaka yote. Watu hao ni wa Saint Vincent na Grenadines, nchi ya visiwa katika Bahari ya Karibi. Hebu tufuatane.

VISIWA HIVI VIKO WAPI?

Chukua ramani ya dunia. Tafuta bara la Amerika. Kati ya Amerika ya Kaskazini na Amerika ya Kusini kuna bahari. Hiyo ndiyo Bahari ya Karibi. Upande wake wa mashariki kuna visiwa vingi vidogo vilivyopangika kama shanga katika uzi. Ng'ambo ya visiwa hivyo ni Bahari ya Atlantiki, na ng'ambo ya Atlantiki ni Afrika yetu.

Saint Vincent na Grenadines ni nchi moja yenye visiwa 32, vikubwa na vidogo. Vingine havina watu. Kisiwa kikubwa ni Saint Vincent. Huko ndiko uliko mji mkuu, Kingstown. Visiwa vidogo vya kusini huitwa Grenadines. Nchi nzima ina kilomita za mraba 389 na watu wapatao 110,000. Ilitawaliwa na Waingereza. Ilipata uhuru tarehe 27 Oktoba 1979.

Majina ya visiwa hivi yanasumbua ulimi, kwa sababu Wafaransa na Waingereza waligombea sehemu hizo zamani. Basi tusome pamoja. Bequia husomwa "Bekwei". Mustique husomwa "Mustiki". Mayreau husomwa "Mairo". Baliceaux husomwa "Baliso". Rudia mara mbili, kisha tuendelee.

Zamani zao kubwa la biashara lilikuwa ndizi. Ndizi zao ziliuzwa Uingereza kwa mpango wa upendeleo. Katika miaka ya 1990 mpango huo ulipingwa katika Shirika la Biashara Duniani, ukaanza kupunguzwa. Wakulima wengi wakaacha migomba. Hapo ndipo watu wengi zaidi walipoanza kutegemea wageni.

KWA NINI SAFARI YA SIKU MOJA INAWEZEKANA?

Wasomaji wa pwani mnajua habari za kaskazi na kusi. Mababu zetu walisafiri kwa majahazi kwenda Arabuni na kurudi. Upepo mmoja uliwapeleka, na ilibidi wasubiri upepo mwingine uwarudishe. Mtu alikaa ugenini miezi mingi.

Karibi siyo hivyo. Huko upepo hutoka upande wa mashariki karibu mwaka mzima. Sasa chukua kijiti, chora mstari ardhini kutoka kaskazini kwenda kusini. Huo ndio mstari wa visiwa. Chora mshale kutoka mashariki. Huo ndio upepo. Chombo kikienda kusini, upepo unakipiga ubavu wa kushoto. Kikirudi kaskazini, upepo uleule unakipiga ubavu wa kulia. Umeona? Upepo mmoja unakupeleka na kukurudisha siku hiyo hiyo. Kurudi ni kuzito kidogo, kwa kuwa mstari wa visiwa umeinama kuelekea kusini-magharibi. Lakini nahodha hodari hashindwi.

Jambo la pili ni kwamba visiwa vimekaribiana. Ukisimama kisiwa kimoja unaona kingine. Kutoka Kingstown mpaka Bequia ni kama kilomita 15 tu. Feri inakwenda kwa muda wa kama saa moja.

Lakini msidhani bahari ni shwari tu. Nyuma ya kisiwa, upande uliokingwa na upepo, maji hutulia. Ukitoka hapo ukaingia kwenye mlango wa bahari kati ya kisiwa na kisiwa, mawimbi ya Atlantiki yanapenya. Hapo chombo huruka kama mbuzi. Wageni wengi hutapika. Wenyeji huwaambia mapema wakae nyuma na watazame mbali.

TUPANDE CHOMBO

Tuanze safari. Asubuhi tuko bandarini Kingstown. Feri inapakia. Tazama inachopakia: wageni wenye kofia na kamera, ndiyo. Lakini pia magunia ya mchele, saruji, mitungi ya gesi, mwanafunzi mwenye begi, mgonjwa anayerudi kutoka hospitali. Shika jambo hili akilini, tutalirudia mbele. Chombo kinachombeba mgeni ndicho kinachombeba mwenyeji.

Kisiwa cha kwanza ni Bequia. Kina watu kama 5,000. Watu wake ni mafundi wa mashua tangu zamani. Pia ni wawindaji wa nyangumi. Tume ya kimataifa ya nyangumi inawaruhusu kuua wachache sana, siyo zaidi ya wanne kwa mwaka, kwa sababu ni desturi yao ya tangu karne ya 19. Watu wengine duniani wanalipinga jambo hilo. Wenyewe wanasema ni chakula na ni urithi. Mgeni wa siku moja hutembea kando ya bahari, huogelea, hula samaki, hununua mfano wa mashua uliochongwa kwa mkono. Jioni hupanda feri, anarudi Kingstown.

Mbele yake kuna Mustique. Kisiwa hiki kilinunuliwa chote na Mwingereza mmoja, Colin Tennant, mwaka 1958, kwa pauni 45,000. Mwaka 1960 alimpa zawadi ya kiwanja Princess Margaret, mdogo wake Malkia Elizabeth wa Uingereza. Leo kisiwa kinaendeshwa na kampuni ya matajiri wenye nyumba huko. Watu wa Saint Vincent huenda kufanya kazi.

Tukishuka kusini zaidi tunafika Mayreau. Ni kisiwa kidogo kabisa chenye watu mia chache. Hakina uwanja wa ndege. Kila kitu huja kwa chombo. Karibu nayo ni Union Island, na kati ya hivyo viwili na bahari kuu kuna visiwa vitano vidogo visivyo na watu. Vinaitwa Tobago Cays. Hapo ndipo wageni wengi wanapopataka. Maji ni mepesi, yana rangi ya kijani na buluu. Mwamba wa matumbawe umezunguka kama kiatu cha farasi na kuzuia mawimbi ya Atlantiki. Ndani yake kasa wanakula nyasi za bahari.

Ukifika Union Island ukitazama kusini, unaona kisiwa kingine karibu sana. Kinaitwa Carriacou. Lakini hicho ni cha nchi nyingine, Grenada. Waingereza walipogawa utawala walikata mstari katikati ya visiwa, na mstari ukabaki mpaka leo. Watu wa pande zote mbili ni ndugu, wameoana. Lakini mgeni akitaka kuvuka lazima apitie kwa maofisa wa uhamiaji na forodha. Sisi tunaoishi karibu na mipaka tunalijua jambo hilo vizuri.

KISIWA AMBACHO WAGENI HUKIPITA TU

Karibu na Bequia kuna kisiwa kidogo kinachoitwa Baliceaux. Vyombo vya wageni hupita kando yake. Wengi hawaulizi. Sisi tuulize.

Kabla Wazungu hawajafika, wenyeji wa Saint Vincent walikuwa Wakalinago. Katika karne ya 17 Waafrika wakaanza kufika. Wengine walitoka katika meli za watumwa zilizovunjika. Wengine walikimbia utumwa katika visiwa vya jirani kama Barbados. Waafrika hao na Wakalinago wakaoana. Watoto wao ndio Wagarifuna. Walikuwa watu huru. Hawakukubali kutawaliwa.

Waingereza walitaka ardhi yao kwa ajili ya mashamba ya miwa. Wagarifuna wakapigana. Kiongozi wao, Joseph Chatoyer, aliuawa tarehe 14 Machi 1795. Mwaka uliofuata Waingereza walishinda. Wakawakamata karibu watu 5,000, wanaume, wanawake na watoto, wakawaweka Baliceaux. Kisiwa hicho ni kikavu, hakina mto. Kwa njaa, kiu na maradhi, karibu nusu yao walikufa katika miezi michache. Mwaka 1797 waliobaki, zaidi ya 2,000, walipakiwa melini wakapelekwa mbali, kisiwa cha Roatán karibu na Honduras. Wajukuu zao bado wako Amerika ya Kati. Bado wanasema lugha yao.

Leo tarehe 14 Machi ni sikukuu ya taifa Saint Vincent, na Chatoyer ni shujaa wa taifa. Mwezi huo Wagarifuna hutoka nchi za mbali, hupanda mashua, huenda Baliceaux kuomba na kuwakumbuka wazee wao. Hao nao ni wageni wa siku moja. Wanakwenda asubuhi, wanarudi jioni. Lakini hawakufuata jua wala mchanga.

CHAKULA CHENYE HISTORIA

Mgeni akiuliza chakula cha nchi, anapewa shelisheli la kuchoma na samaki wa kukaanga. Ndiyo, shelisheli hili hili wanalolijua watu wa Unguja na Pemba. Asili yake ni visiwa vya Bahari ya Pasifiki. Mwaka 1793 nahodha Mwingereza, William Bligh, aliipeleka miche ya mshelisheli Saint Vincent kutoka Tahiti. Sababu yake? Wenye mashamba walitafuta chakula rahisi cha kuwalisha watumwa. Leo wajukuu wa watumwa wanakula shelisheli kwa furaha, wanaliita chakula cha taifa.

Na muhogo je? Muhogo umekwenda njia ya kinyume. Asili yake ni Amerika. Wenyeji wa visiwa vya Karibi walikuwa wakiula kabla Wazungu hawajafika. Wareno ndio walioleta muhogo Afrika. Basi jioni ukila muhogo wako, jua kwamba nao ulisafiri baharini kabla ya kufika sahanini.

FEDHA INAKAA WAPI?

Sasa turudi kwa swali la mama. Mwenyeji anapona kwa kitu gani? Hapa tutahitaji penseli.

Fedha ya huko ni dola ya Karibi ya Mashariki. Nchi na maeneo manane ya visiwa hivyo yanatumia fedha moja. Tangu mwaka 1976, dola moja ya Marekani ni sawa na dola 2.70 za Karibi. Haijabadilika.

Tufanye mfano wa darasani. Hesabu hizi nimezitunga mimi ili tujifunze. Tuseme wageni 10 wanataka kwenda Tobago Cays kwa siku moja. Kila mmoja analipa dola 270 za Karibi. Jumla ni 10 mara 270, yaani dola 2,700.

Safari ya kwanza. Chombo ni cha kampuni ya mbali. Wageni walilipa kabla hawajatoka kwao. Chakula kimekuja na chombo. Kisiwani kinabaki nini?

Posho ya kibarua mmoja: dola 150.
Maji na matunda: dola 120.
Jumla iliyobaki kisiwani: dola 270.

Yaani katika kila dola kumi, kisiwa kimepata moja. Tisa zimeondoka na wageni.

Safari ya pili. Mashua ni ya mwenyeji. Chakula kimepikwa na akina mama wa Mayreau na Union Island. Hesabu ni hii:

Petroli: dola 600. Hii inatoka nje, kwa hiyo tuihesabu imeondoka.
Nahodha na msaidizi wake: dola 800.
Chakula cha akina mama: dola 700.
Ada ya hifadhi ya bahari: dola 200.
Akiba ya kutengeneza mashua: dola 400.

Toa petroli. Zinabaki dola 2,100 kisiwani. Wageni ni walewale 10. Bahari ni ileile. Kasa ni walewale. Kilichobadilika ni nani mwenye chombo, na nani mwenye chungu.

Mzee mmoja atasema, "Mwalimu, hata hizo 2,100 si zote zitakaa." Ni kweli, mzee wangu. Visiwa vidogo hununua vyakula vingi kutoka nje. Yule mama akinunua unga wa ngano na mafuta ya kupikia, fedha nyingine inaondoka. Ndiyo maana shelisheli la bustanini kwake na samaki wa jirani yake vina faida kubwa kuliko chakula cha kopo, hata kama bei ni moja.

Wenyeji wa visiwa hivyo wamelielewa jambo hili. Ukifika Tobago Cays, vijana wa Union Island na Mayreau wanakuja na mashua zao za rangi. Wanauza mikate na samaki. Katika kisiwa kimoja, Petit Bateau, wanachoma kambakochi ufukweni, wageni wanakula mezani chini ya miti. Ni kazi halali na wanaijua vizuri.

BAHARI NDIYO SHAMBA

Lakini kuna hatari. Shamba likilimwa bila kupumzika huchoka. Bahari nayo hivyo hivyo.

Zamani vyombo vingi vilitupa nanga popote. Nanga ikianguka juu ya matumbawe, inavunja. Mnyororo wake nao, chombo kikizunguka kwa upepo, unang'oa nyasi za bahari. Matumbawe si mawe. Yana uhai. Aina nyingi hukua polepole, sentimita chache kwa mwaka. Kilichovunjwa kwa dakika moja hakirudi kwa miaka mingi. Matumbawe yakifa, samaki wanaondoka. Nyasi zikiisha, kasa wanaondoka. Mgeni naye ataondoka, maana alikuja kuwaona hao.

Basi serikali na wenyeji walifanya nini?

Kwanza, mwaka 1997 Tobago Cays ilifanywa hifadhi ya bahari. Mwaka 1999 serikali ilivinunua visiwa hivyo kutoka kwa watu binafsi, viwe mali ya taifa.

Pili, waliweka maboya ya kufungia vyombo. Nahodha anafunga kamba kwenye boya, hatupi nanga juu ya matumbawe. Karibu na kisiwa cha Baradal walizungushia maboya mahali pa kasa. Mashua haziruhusiwi kuingia humo. Mgeni huogelea polepole, na hamgusi kasa.

Tatu, kila mgeni analipa ada. Ada hiyo husaidia kulipa walinzi na kutengeneza maboya.

Nne, kambakochi hupumzishwa. Kuanzia tarehe 1 Mei mpaka tarehe 31 Agosti ni marufuku kuwavua, ili wazae.

Tano, tangu mwaka 2017 ni marufuku kabisa kuwinda kasa. Hili lilikuwa gumu. Nyama ya kasa ilikuwa chakula cha wazee wao, na wavuvi wengine walipoteza kipato. Lakini kasa aliyeliwa huuzwa mara moja. Kasa aliye hai hutazamwa kesho na keshokutwa. Na kasa huyo wa kijani ni wa aina ileile anayetaga mayai katika fukwe za Mafia. Huko kwetu pia analindwa na sheria.

SIKU BAHARI ILIPOGEUKA

Ndugu wasomaji, hapa somo letu linakuwa zito.

Karibi kuna majira ya vimbunga, kuanzia Juni mpaka Novemba. Kimbunga hupata nguvu kutokana na maji ya bahari yenye joto. Joto likizidi, nguvu nayo huzidi. Mwaka 2024 bahari ilikuwa na joto kuliko kawaida. Kimbunga kilichoitwa Beryl kikakua haraka sana, mapema kuliko vimbunga vikubwa vilivyozoeleka. Tarehe 1 Julai 2024 kikapiga Carriacou kwa upepo mkali sana. Union Island na Mayreau ziko jirani kabisa. Zikapigwa pia.

Ralph Gonsalves, aliyekuwa Waziri Mkuu wakati huo, alitangaza kwamba asilimia 90 ya nyumba za Union Island zimeharibiwa vibaya au zimebomoka kabisa. Asilimia 90 maana yake ni nini? Hesabu nyumba kumi za mtaa wako. Acha moja tu. Tisa toa paa. Ndivyo ilivyokuwa. Mashua za vijana zikazama au zikatupwa juu ya nchi kavu. Miti ikabaki bila jani hata moja.

Watu wengi wa Union Island wakapanda vyombo wakakimbilia Saint Vincent. Huko walipokewa katika majumba ya umma na katika nyumba za ndugu na marafiki.

Sasa sikilizeni. Miaka mitatu kabla ya hapo, ilikuwa kinyume. Tarehe 9 Aprili 2021 mlima wa volkano wa Saint Vincent, unaoitwa La Soufrière, ulilipuka. Majivu yakafunika mashamba na mapaa. Watu kama 20,000 walihama makwao. Wengine wao walivuka bahari wakapokewa Bequia na visiwa vingine vya Grenadines. Mwaka 2021 kisiwa kikubwa kilikimbilia vidogo. Mwaka 2024 visiwa vidogo vilikimbilia kikubwa.

Na walivuka kwa nini? Kwa vyombo vilevile. Feri ile inayobeba watalii wenye kofia ndiyo iliyobeba wazee na watoto wenye vifurushi. Ndiyo maana niliwaambia mlishike jambo lile akilini. Mgeni akilipa nauli wakati wa raha, anasaidia chombo kiwepo wakati wa shida. Hata hilo ni sehemu ya jibu la mama.

JIBU

Mama yangu wa samaki wa kukaanga, jibu lako ni hili.

Mgeni wa siku moja hakuponyi kwa kuja tu. Anaweza kuja mwaka mzima na usipone. Unapona mambo haya yakiwepo:

1. Chombo kiwe cha wenyeji, au wenyeji wawe na sehemu yao ndani yake. Asiyeweza peke yake ajiunge na wenzake katika ushirika.

2. Chakula kitoke shambani na baharini kwenu, siyo dukani kwa wengine.

3. Kile ambacho mgeni amekuja kukiona kitunzwe. Kiwe kasa, kiwe mwamba, kiwe msitu. Kuwe na sheria, na sheria ifuatwe na mgeni na mwenyeji.

4. Kuwe na kazi nyingine pembeni. Mwaka 2024 mwenye mashua tu alipoteza kila kitu. Mwenye mashua na bustani na mbuzi alikuwa na mahali pa kuanzia. Wageni ni kama mvua. Tunaifurahia, lakini hatuachi kuweka akiba ghalani.

5. Mwenyeji ajue historia yake na aisimulie mwenyewe. Usipoisimulia Baliceaux, mgeni ataona kisiwa kikavu tu.

Utauliza, "Je, wao wamefaulu yote matano?" Hapana. Mustique inawaonyesha upande mmoja wa mambo, na kimbunga kiliwaonyesha upande mwingine. Lakini wanajua wanachokitafuta. Na sisi sasa tunajua.

MANENO MAPYA

Matumbawe: viumbe vidogo vya baharini vinavyojenga miamba.
Boya: kitu kinachoelea, kimefungwa chini, cha kuonyesha mahali au kufungia chombo.
Hifadhi: mahali panapolindwa kwa sheria.
Kambakochi: kamba mkubwa wa miambani.
Volkano: mlima unaotoa moto na majivu kutoka chini ya ardhi.
Ada: malipo yaliyowekwa kwa huduma fulani.

MASWALI

Jibu katika daftari lako. Kama mko katika kikundi, mmoja asome swali, wengine wajibu.

1. Saint Vincent na Grenadines ilipata uhuru lini?
2. Kwa nini chombo cha tanga kinaweza kwenda na kurudi siku moja katika visiwa hivyo?
3. Joseph Chatoyer alikuwa nani? Watu wake walifanywa nini Baliceaux?
4. Nanga inadhuru matumbawe kwa njia gani? Boya linasaidiaje?
5. Kwa nini feri ni muhimu kwa mwenyeji hata siku ambayo hakuna mgeni?
6. Swali la mjadala: Kijijini kwenu kuna kitu gani ambacho mgeni angependa kukiona? Nani angepata fedha? Nani angekilinda?

HESABU

A. Mgeni ana dola 40 za Marekani. Atapata dola ngapi za Karibi?
B. Katika mfano wetu, safari ya pili iliacha kisiwani dola ngapi zaidi ya safari ya kwanza?
C. Tuseme feri inatoka Kingstown saa 3 asubuhi. Inakwenda saa moja. Mgeni anatakiwa kupanda feri ya kurudi saa 11 jioni. Atakaa Bequia saa ngapi?

Majibu ya hesabu: A. 108. B. 1,830. C. Saa 7.

Ukikosa, usikate tamaa. Rudia polepole. Ukipata zote, mfundishe jirani. Na ukimaliza kusoma gazeti hili usilifungie maandazi kwanza. Mpe mwenzako naye asome. Tukutane katika toleo lijalo, Mungu akipenda.